Bahari ya Mtera na Mizani ya Maji



Sisi watu wa mwambao tumelelewa na bahari. Mtoto wa Lamu, wa Mvita, wa Tanga, wa Unguja au wa Kilwa huijua bamvua na maji mafu kabla hajajua kuandika jina lake. Huambiwa lini ni kaskazi na lini ni kusi, lini chombo hutweka tanga na lini huvutwa pwani kikapakwa sifa kikangoja. Wazee wetu hawakuiita bahari rafiki, wala hawakuiita adui. Waliihesabu. Walihesabu siku za mwezi, wakasoma nyota, wakajua samaki gani huvuliwa msimu gani, na walipoona wingu wasilolipenda walibaki pwani hata kama nyumbani hakuna kitoweo. Na methali waliyotuachia ni fupi: bahari haishi zinge.

Lakini iko bahari ya pili ambayo wengi wetu hatukulelewa nayo, na ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ikiwasha taa za majumba yetu bila ya sisi kuijua hata kwa jina. Haina chumvi, haina kupwa wala kujaa kwa mwezi, na iko mbali na mwambao, katika nyanda kavu za kati, mpakani mwa Dodoma na Iringa. Hiyo ndiyo Mtera. Leo tunataka kusimulia habari zake, kwa sababu ndani yake mna ibra kubwa juu ya jambo ambalo Mwenyezi Mungu amelitaja pamoja na kuinuliwa kwa mbingu, nalo ni mizani.

NCHI KAVU NA WATU WAKE

Msafiri atokaye Iringa kwenda Dodoma huteremka kutoka milima yenye baridi mpaka kwenye bonde la joto, la miiba na mibuyu. Mvua ya huko ni haba. Kwa mwaka mzima haizidi sana milimita 500, nayo hunyesha katika msimu mmoja tu, baina ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo.

Wagogo wameishi katika nchi hiyo kwa kujua kiasi chake. Walipanda mtama na uwele, mazao yanayostahimili kiu. Walifuga ng'ombe, na mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote katika zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa vijiji vya mbali, ili mvua ikikosekana huku, huenda ikapatikana kule, na mali yote isiangamie kwa siku moja. Hiyo ilikuwa bima yao kabla ya kampuni za bima kuzaliwa.

Mizani hiyo ilivunjwa katika Vita Vikuu vya Kwanza. Majeshi ya Wadachi, kisha ya Waingereza, yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka, na wanaume wa kubeba mizigo. Ghala zikabaki tupu na mashamba yakabaki bila ya mikono. Ndipo mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, iliyofikia ukali wake baina ya 1918 na 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na inakadiriwa kwamba ilichukua roho za watu 30,000 katika umma wa watu kama 150,000. Yaani katika kila watu watano, mmoja alikufa.

Tafadhali msomaji, litie jambo hili akilini kwani tutalirejea. Ukame ulikuwa umekwisha kuja Ugogo mara nyingi kabla ya hapo, na watu walikuwa wakiuvuka kwa taabu. Safari hii hawakuuvuka kwa sababu akiba ilichukuliwa kwanza, na mvua ikakosekana baadaye. Ukame ulitoka juu, lakini njaa ilitengenezwa na binaadamu.

MTO ULIOFUNGWA

Kupita katikati ya ukavu huo unakwenda mto mkubwa, Ruaha Mkuu. Chanzo chake ni milima ya Uporoto na Kipengere, kusini magharibi, yenye mvua nyingi. Kutoka huko maji huteremka mpaka tambarare ya Usangu, yakatanda katika bwawa la matete liitwalo Ihefu, kisha yakapenya kwenye mwamba wa Ng'iriama na kuingia katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mbele yake huungana na Ruaha Mdogo utokao Iringa na Kisigo utokao upande wa Manyoni, na hapo ndipo Mtera. Kutoka Mtera mto hushuka magenge mpaka Kidatu, huingia bonde la Kilombero, na mwisho humimina maji yake katika Rufiji, na Rufiji humimina yake baharini, mkabala na kisiwa cha Mafia.

Katika miaka ya 1970 Tanzania ilihitaji umeme kwa ajili ya viwanda na miji yake. Kwa msaada wa Sweden na wafadhili wengine na mkopo wa Benki ya Dunia, kituo cha Kidatu kikaanza kazi mwaka 1975, na baada ya kupanuliwa mwaka 1980 kikafikia megawati 204. Lakini bwawa la Kidatu ni dogo, halihifadhi maji ya kutosha kwa kiangazi. Basi ikabidi ijengwe ghala ya maji huko juu, nayo ikawa Mtera. Ukuta wake ulikamilika mwaka 1980, na barabara ya Iringa na Dodoma ikapita hapo hapo. Mwaka 1988 Mtera nayo ikapata mitambo yake miwili ya megawati 40 kila mmoja.

Mahali palipokuwa mbuga na vijiji pakageuka ziwa ambalo likijaa huzidi kilomita 600 za mraba. Si ajabu walioliona mara ya kwanza wakaliita bahari. Wavuvi wakaja na mitumbwi, vijiji vya uvuvi vikaota kando yake, na perege na kambale wa Mtera wakawa kitoweo cha Dodoma na Iringa, miji ambayo zamani samaki wabichi walikuwa nadra.

Sasa tazama jambo hili. Mwaka huo huo wa 1980 ulipokamilika ukuta wa Mtera, ulikamilika pia waya mkubwa uliolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba, Unguja. Kwa waya huo Zanzibar ikaingia katika umeme wa bara. Tangu siku hiyo taa ya nyumba ya Mji Mkongwe, feni ya msikitini, na pampu ya kisima cha Mwanakwerekwe, sehemu ya nguvu zake ilikuwa ni maji ya Ruaha yaliyotunzwa katika nchi ya Wagogo. Mtu wa Malindi ya Unguja na mfugaji wa Mtera wakawa wanakunywa katika birika moja, na hawajuani.

MIAKA YA KIZA

Birika lolote lina sheria moja ambayo kila mama wa nyumba anaijua: usichote leo kwa fujo maji ambayo hujui kesho yatatoka wapi. Mtera ina ugumu wa ziada. Kwa kuwa iko katika nchi ya jua kali na ni pana kuliko kina chake, jua peke yake hunywa humo kiasi cha kimo cha mita mbili kila mwaka. Mafundi waliweka kiwango cha juu cha maji kuwa mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na cha chini mita 690. Yaliyo baina ya alama hizo mbili ndiyo akiba. Mita nane na nusu tu, na nchi nzima ikizitegemea.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akiba hiyo ilikauka. Mwaka 1992 na tena mwaka 1994 nchi iliingia katika mgao wa umeme. Viwanda vilisimama, mafriji yakaoza vitu, na wanafunzi wakarudi kwenye kandili na vibatari. Mwaka 2006 hali ilikuwa mbaya zaidi, maji ya Mtera yakashuka hata chini ya ile alama ya mita 690. Taifa lilikuwa limebakiwa na tope la chini ya birika. Katika dhiki ile serikali ilikimbilia mikataba ya umeme wa dharura, na mmoja wao ukazua sakata lililomalizika Februari 2008 kwa kujiuzulu Waziri Mkuu Edward Lowassa. Hivi ndivyo kiu ya mto mmoja ilivyofika mpaka kwenye kiti cha serikali.

Watu wa Unguja nao walionja kiza kirefu mwaka 2008 kwa karibu mwezi mmoja, na tena kuanzia Desemba 2009 kwa karibu miezi mitatu. Safari hizo kosa lilikuwa la njia ya umeme ya baharini, halikuwa la maji ya Mtera. Lakini kila aliyebeba ndoo kutafuta maji kwa sababu pampu hazikufanya kazi alijifunza jinsi nyumba inavyoweza kutegemea kitu isichokiona.

NANI ALIYEKULA MAJI?

Panapotokea dhiki binaadamu hutafuta wa kumlaumu, na mara nyingi humpata aliye mnyonge. Katika habari ya Mtera vidole vilielekezwa Usangu. Huko kilimo cha mpunga wa kumwagilia kilikuwa na historia ndefu. Mifereji ya mwanzo inahusishwa na Wabaluchi waliohamia huko kabla ya uhuru. Katika miaka ya 1970 likaanzishwa shamba kubwa la Mbarali kwa msaada wa China, na baadaye Kapunga na mashamba madogo madogo mengi. Wafugaji, khasa Wasukuma na Wamasai, nao wakateremka na mifugo yao kutafuta malisho ya Ihefu. Ikasemwa: hawa ndio waliokula maji ya Mtera, hawa ndio waliotutia gizani.

Na ni kweli kwamba mto uliumia. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa. Viboko walirundikana katika vidimbwi vya matope, samaki wakafa kwa wingi, na wanyama wakatoka nje ya hifadhi kutafuta maji. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 mto huo utatiririka mwaka mzima. Mwaka 2010 ulifika, na mto ukaendelea kukauka. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu kwa nguvu, na mwaka 2008 eneo hilo likaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Wengi waliondoka na hasara kubwa ya mifugo.

Lakini hapa insafu inatutaka tusimame kidogo. Watafiti waliopima maji ya Usangu na kuzipitia hesabu za mabwawa walikuta kwamba kuna maradhi mawili, si moja. La kwanza ni kukauka kwa mto wakati wa kiangazi, na hilo limesababishwa hasa na mifereji ya huko juu, iliyoachwa wazi hata pale shamba halina haja ya maji. La pili ni kupungua kwa Mtera. Na Mtera haijazwi na maji machache ya kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya masika, ambayo mifereji ya mpunga huyapunguza kwa sehemu tu. Sababu kubwa ya Mtera kuishiwa ilikuwa ni jinsi ilivyoendeshwa. Baina ya Mtera na Kidatu inaingia mito mingine, kama vile Lukosi, ambayo wakati wa mvua inatosha kuisaidia sana Kidatu. Kanuni nzuri ilikuwa kuyafunga maji ya Mtera nyakati hizo, na kuyatunza kwa kiangazi. Badala yake akiba ilifunguliwa wakati ambapo haikuwa lazima, maji yakafika Kidatu yakakuta bwawa lake dogo limejaa, na mengine yakamwagika bure.

Unaona, ndugu msomaji, jinsi mambo yalivyojirudia? Katika Mtunya akiba ilichukuliwa kwanza, mvua ikakosekana baadaye. Katika Mtera akiba ilimwagwa kwanza, mvua ikakosekana baadaye. Na kila mara lawama ilipewa mbingu, au ilipewa maskini.

Mkulima wa Usangu ana sehemu yake ya kosa, wala hatumsafishi. Lakini hukumu ya mizani ni kumpa kila mtu uzito wake, usiozidi wala usiopungua. Mwenye kushika funguo za bwawa anaulizwa juu ya funguo, na mwenye kushika jembe anaulizwa juu ya mfereji wake. Na mimi na wewe tulioacha taa za uani zikiwaka mchana kutwa, sisi nasi hatutaachwa bila kuulizwa. Mafundisho tuliyoyapokea yanakataza israfu ya maji hata kwa mtu anayetawadha kando ya mto unaotiririka. Sasa itakuwaje kwa mto unaokauka?

BAHARI YALIPA DENI

Katika shida hiyo msaada mkubwa ulitoka mahali ambapo wengi hawakutazamia, nao ni baharini. Katika kisiwa cha Songo Songo, karibu na Kilwa, gesi ilikuwa imegunduliwa tangu mwaka 1974. Ilikaa chini kwa miaka thalathini. Mwaka 2004 bomba likafika Dar es Salaam, na mitambo ya Ubungo ikaanza kuzalisha umeme kwa gesi hiyo. Bara iliyokuwa ikiwakopesha watu wa mwambao mwanga, sasa nayo ikawa inakopeshwa na mwambao. Tangu hapo Mtera haikuwa tena tegemeo la pekee, ingawa dhiki ya 2006 ilionyesha kwamba bado haiwezi kudharauliwa.

Bahari hiyo hiyo inayotoa ina uwezo wa kuchukua. Historia yetu imeandika siku tatu za kuzingatiwa.

Siku ya kwanza ni 15 Aprili 1872. Tufani lilipiga Unguja katika enzi ya Seyyid Barghash bin Said. Merikebu zake na majahazi yaliyokuwa bandarini yalivunjwa, na sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikang'olewa. Pemba, iliyo karibu hivyo, ilisalimika. Kwa ajili ya usiku mmoja na mchana mmoja, ufalme wa karafuu ulihama kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na mpaka leo haujarudi.

Siku ya pili ni 26 Desemba 2004. Tetemeko la nchi chini ya bahari karibu na Sumatra lilituma mawimbi yaliyoua watu zaidi ya laki mbili katika nchi za Bahari ya Hindi. Baada ya saa nyingi yalifika kwetu. Huko Somalia yaliua watu mamia. Tanzania walikufa watu wapatao kumi, na Kenya mmoja. Fukwe za Mombasa ziliondolewa watu baada ya habari kufika mapema. Na hapo pana jambo la kuzingatiwa sana: siku ile mwezi ulikuwa mpevu, maana yake ni siku za bamvua, lakini mawimbi yalipofika maji hayakuwa yamejaa. Lau yangekuta bamvua limejaa mpaka kwenye ukuta, tungekuwa tunasimulia habari nyingine. Tulikuwa karibu kuliko wengi wetu tulivyodhani.

Siku ya tatu ni 4 Mei 2024, na hii ndiyo inayotupeleka kwenye mlango wa Rufiji, mahali maji ya Mtera yanapokutana na bahari.

MLANGO WA RUFIJI

Warufiji wa zamani walikuwa na elimu yao ya mafuriko. Walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya miti, ili mto ukipanda upite chini yao. Mto uliporudi kitandani kwake uliacha udongo mweusi wenye rutuba, na hapo walipanda mlau, zao linalootea unyevu wa mafuriko bila ya kungoja mvua. Kwao mafuriko ya kiasi yalikuwa ni riziki, na mwaka usio na mafuriko ulikuwa mwaka wa wasiwasi. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali iliwahamisha wengi kutoka bondeni kwenda kwenye vijiji vya nchi ya juu. Walipata shule na zahanati, lakini wengi waliendelea kuteremka bondeni kulima, kwa sababu huko juu hakuna mlau.

Kwenye mdomo wa mto huo iko mikoko ya hekta kama 53,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote wa Afrika ya Mashariki. Boriti zilizoezeka nyumba za babu zetu, na nyumba za Oman, Bahrain na Kuwait, nyingi zilikatwa humo na kusafirishwa kwa majahazi. Lakini mkoko una kazi nyingine kuliko boriti. Mizizi yake hushika udongo unaoletwa na mto, huvunja nguvu ya wimbi, na hulea kamba na samaki wachanga. Msitu huo unaishi kwa mizani: maji ya chumvi yakizidi hudhoofika, maji ya mto yakizidi hung'olewa, udongo usipoletwa ardhi yake huliwa na bahari. Ruaha Mkuu huleta kama sehemu 15 tu kwa 100 za maji ya Rufiji, na Kilombero ndiyo huleta nyingi zaidi. Lakini kila bwawa linalojengwa juu, dogo au kubwa, lina neno lake huku chini.

Na sasa liko bwawa kubwa kuliko Mtera mara nyingi, la Julius Nyerere, lililojengwa katika magenge ya Rufiji. Ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2019, lilianza kujazwa Desemba 2022, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Mitambo yake ni tisa, ya megawati 235 kila mmoja. Mtera ya megawati 80 ni kama kibatari mbele yake.

Masika ya 2024 yalikuwa mazito. Mwezi wa Aprili Rufiji ilifurika, mashamba na majumba ya Rufiji na Kibiti yakazama, na maelfu ya watu wakahamishwa, huku bwawa jipya nalo likilazimika kufungua maji yake. Kabla maji hayajapungua, ikaja habari kutoka baharini: tufani limeumbika mashariki ya mwambao wetu na linakuja. Jina lake lilikuwa Hidaya, neno ambalo kwetu ni tunu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza hadhari, vyombo vya baina ya Dar es Salaam na Unguja vikazuiwa kusafiri, na wavuvi wakavuta ngarawa zao juu.

Fikiri, msomaji, hali ya mtu wa Rufiji siku hiyo. Nyuma yake mto umefurika, mbele yake bahari imekasirika, naye yuko katikati juu ya kipande cha udongo. Kisha tufani lile, lilipokaribia nchi kavu, likadhoofika haraka. Lilifika Mafia tarehe 4 Mei likiwa limepoteza nguvu zake nyingi. Halikupita bila hasara, kwani mvua zake ziliikata barabara ya Dar es Salaam na Lindi huko Somanga, na safari zikasimama. Lakini lile lililoogopwa halikutokea.

Watu husema: tumenusurika. Ndiyo, na shukrani ni wajibu. Lakini aliyenusurika mara moja bila ya kujifunza hajanusurika, ameahirishiwa tu. Mwaka 2024 tulisaidiwa na vitu viwili. Cha kwanza hakikuwa mikononi mwetu, nacho ni kudhoofika kwa tufani. Cha pili kilikuwa mikononi mwetu, nacho ni kusikiliza hadhari na kukaa pwani, kama wazee wetu walivyofanya walipoona wingu wasilolipenda. Hicho cha pili ndicho tutakachoulizwa.

MAZINGATIO

Basi tumetoka Mtera, tumefika Rufiji, na maji yalikuwa yale yale. Tunayoyapata katika safari hii ni matatu.

La kwanza, akiba ni amana. Ghala ya Mgogo, bwawa la Mtera, birika la nyumba yako, vyote vina hukumu moja. Mwaka wa neema si mwaka wa kufungua bomba. Ni mwaka wa kujaza. Aliyeishi kwa kukomba akiba katika mwaka mwema, asishangae na mwaka mbaya.

La pili, maji hayajui mipaka ya wilaya. Tusiseme kwamba mambo ya Dodoma na Usangu ni ya watu wa bara na mambo ya mikoko ni ya watu wa pwani. Mfereji ulioachwa wazi Usangu ni kiboko aliyekufa Ruaha. Mkono uliofungua lango la Mtera bila hesabu ni mgonjwa aliyekosa umeme mjini. Na mkoko uliokatwa Rufiji ni wimbi litakalofika mlangoni kwa mtu. Anayekaa bondeni ana haki ya kuarifiwa mapema kabla ya lango la bwawa kufunguliwa, na kupewa mahali pa kwenda. Hiyo ni haki yake, asionekane anaomba hisani.

La tatu, tuwe na insafu katika lawama. Ni rahisi kumfukuza mfugaji na ng'ombe wake, ni vigumu kuzikagua hesabu za mwenye funguo. Lakini mizani isiyopima wakubwa na wadogo kwa jiwe moja, hiyo si mizani.

Leo usiku utakapowasha taa nyumbani kwako, waambie watoto wako taa hiyo inatoka wapi. Waambie juu ya mto unaozaliwa milimani, ukapita nchi kavu ya mibuyu, ukafungwa, ukafunguliwa, ukafika mikokoni na kuonana na bahari yao. Kisha, mkimaliza kusoma, izimeni.